Siku Nilipomtaja Polixeni

Mtoto aliyepakwa mafuta ya zeituni kutoka utosini hadi nyayoni huteleza kuliko samaki. Nilikuwa nimemkumbatia kwa taulo, na padri ameinama juu ya beseni la ubatizo akinisubiri.

"Jina la mtoto?"

Nyuma yangu kanisa zima likatega sikio. Jina ndilo walilolijia. Mwanakondoo na mvinyo vilikuwa vya baadaye, ukumbini.

Kwetu sisi jina halitajwi mpaka msimamizi wa ubatizo alitamke. Mama mzazi hukaa nyumbani akingoja, na watoto wa mtaa hukimbia kumpelekea habari, wa kwanza kufika akapewa sarafu. Wazee wetu waliibeba desturi hiyo kutoka Ugiriki hadi Peabody, Massachusetts, na mwaka 1952 bado tuliifuata, ingawa nusu yetu tulizaliwa Marekani na tusingeweza kumkamua mbuzi hata kwa kupigwa. Msimamizi nilikuwa mimi. Niliwavika Anthula na Pandeli, wazazi wa mtoto, mataji siku ya harusi yao, kwa hiyo kwa mila zetu kumsimamia mtoto wao wa kwanza kulikuwa haki yangu, na nilijigamba nako kiwandani wiki nzima mpaka ilipofika Ijumaa.

Ijumaa hiyo Anthula alinishika mkono jikoni kwake. Alikuja nchi hii peke yake baada ya vita. Mama yake alikufa kwa njaa wakati wa vita huko Pireo, Ugiriki, akafukiwa pamoja na wengine bila hata msalaba, na hilo tulilijua kwa kuambiwa na watu, si kwa kinywa chake.

"Urania, mwite Polixeni," alisema. "Jina la mama."

"Na mkweo je?"

"Hajui. Pandeli kaniachia mwenyewe. Utasema wewe."

"Ahsante sana! Yaani akipandwa na hasira, mimi ndiye wa kutafunwa."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hana kaburi, dada. Angalau awe na somo wa kulibeba jina lake."

Nikakubali. Ningefanyaje?

Kesho yake Bi Argiro, mkwewe huyo, alinisubiri nje ya kiwanda cha ngozi. Alikuwa mjane aliyekwangua ngozi miaka ishirini, na Pandeli ndiye mtoto wake wa pekee. Kwa mila zetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, wala hakuna anayeuliza, kwa hiyo hakuja kuniomba kitu. Alikuja kunionyesha gauni la ubatizo alilolishona mwenyewe.

"Ona nguo ya somo yangu," alisema. "Na usije ukalitafuna jina, sawa? Litoe kwa sauti, hata Thanasi kiziwi alisikie."

"Ndiyo, Bi Argiro," nilijibu, mwoga mkubwa mimi.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ingawa pale kanisani aliyevuliwa nguo alikuwa mtoto. "Polixeni," nilimwambia padri, kwa sauti ndogo mno hata akaniambia nirudie. Mara ya pili nikapayuka. Thanasi alisikia.

Padri alimzamisha mara tatu kwa jina hilo, naye mtoto akapiga kelele za kutosha watu kumi. Nilipothubutu kugeuka nilimwona Bi Argiro ameketi, mikono mapajani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyepokonywa kitu mbele za watu, na aliyempokonya ni mimi. Niliona haya ambayo sikuwahi kuyaona maishani.

Watoto walikuwa wameshajipanga mlangoni kutimua mbio.

"Simameni hapo!" Ilikuwa sauti ya Bi Argiro. Hakuna aliyethubutu hata kuinua mguu. Akavaa koti lake, akawapita, akatoka peke yake.

"Mungu wangu," Pandeli alininong'oneza, "anakwenda kumla mke wangu mzima mzima." Lakini ibada haikatizwi katikati, na mtoto alikuwa bado hajavishwa.

Baada ya Polixeni, Anthula alizaa wavulana watatu. Binti mwingine hakuja. Tulimzika Bi Argiro mwaka 1971 bila mjukuu hata mmoja mwenye jina lake, na miaka yote hiyo sikumsikia akilalamika. Siku ile ya ubatizo hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba kuna kilima cha kupanda, na kwamba yeye ametangulia.

Tulifika nyumbani kwa Anthula tukihema, mimi na Pandeli, nimembeba mtoto wangu wa ubatizo katika gauni lake jeupe. Mlango ulikuwa wazi. Bi Argiro alikuwa mezani jikoni amevua viatu, miguu imemvimba. Anthula alisimama karibu na jiko, uso umelowa machozi.

"Mama," Pandeli alianza, "huyu mtoto ni wetu, na sisi tume—"

"Kaa chini, unyamaze." Akanigeukia. "Na wewe mnafiki! 'Ndiyo Bi Argiro, ndiyo Bi Argiro!' Sisemi nawe mpaka Pasaka."

Na kweli hakusema nami mpaka Pasaka.

"Kwa nini uliwazuia watoto?" Pandeli aliuliza kwa upole.

"Kwa sababu hili ni jina la marehemu mama yake. Haliletwi na vitoto vinavyokimbilia sarafu. Angekuwa hai, angekuja kumwambia mwenyewe. Hayupo. Sasa nani aje?"

Akanyoosha mikono, akampokea mtoto kutoka kwangu, akamlaza mapajani na kumnyoosha kola ya gauni.

"Nitaliita jina hili mara mia kwa siku mpaka nife," alimwambia Anthula. "Siwezi kumwita mtu nisiyemjua. Keti hapa. Nieleze alikuwa mtu wa namna gani."

Anthula aliketi. Kule ukumbini wageni sabini walikuwa wanatungoja na mwanakondoo anapoa.

"Alikuwa mfupi," alisema hatimaye. "Na alikuwa anaimba vibaya."

"Vibaya namna gani?"

Anthula akafuta pua kwa aproni, akamwimbia.