Asante ya Kila Gia

Wino alipewa wiki moja ya kukata shauri, na siku tano za mwanzo alizimaliza kwa kupiga pasi mashati. Alipiga pasi mashati ya kazini, ambako alikuwa ameshastaafu, kisha ya mtoko, kisha akarudia yale ya kazini. Mtu anayeishi peke yake akianza kunyoosha nguo isiyo na kunyanzi, ujue ana jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa gari. Kwenye duka la magari kando ya barabara kuu yalikuwepo mawili ya aina moja, mekundu, ya chini, ya mbio, yenye viti viwili tu. Moja lilikuwa la gia za kubadilisha mwenyewe, lenye klachi miguuni na mkono mfupi wa gia katikati ya viti. La pili lilikuwa otomatiki. Muuzaji, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alimwekea yote mawili mpaka Jumamosi. "Nakusubiri wewe, baba," alimwambia. "Lakini ikifika Jumapili sikujui."

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa swali la starehe, la kubishania na marafiki mpaka chai ipoe. Kwa Wino lilikuwa swali la mke wake, na mke wake alikuwa na miezi saba kaburini.

Jina la Wino alipewa kiwandani, alikochapa vitabu na kalenda kwa miaka thelathini na moja, kucha nyeusi hata siku ya harusi ya bintiye. Mtambo uleule uliomlisha ndio uliomla. Miaka kumi na tisa nyuma roli zilimvuta mkono wa kushoto, na alipoutoa ulikuwa na vidole vitatu na kifundo kisichokunjika. Mkono huo uliweza kusukuma mlango au kuegemea meza, lakini kuvuta na kushika ilikuwa basi. Na usukani wa magari ya kwao uko kulia, kwa hiyo gia inabadilishwa kwa kushoto.

Kila mtu alimshauri auze pikapu yake kuukuu. Ndugu walishauri, jirani akashauri, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji akatoa maoni yake. Mkewe, ambaye hakuwahi kujifunza udereva na aliuogopa usukani kama nyoka, alipanda kiti cha kushoto, akafunga mkanda na kusema: "Wewe kanyaga, mimi nitatia."

Wiki ya kwanza giaboksi ililia mpaka majirani wakatoka nje kuangalia nani anachinjwa. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na hao wawili walikuwa na vidole kumi na vinane vizima kati yao, wakavitumia. Wakabuni utaratibu wao. Wino alikanyaga klachi, akagonga ulimi kwenye kaakaa, tok, na mkewe akatia gia. Haukuwa msonyo, jamani. Msonyo ungemletea matatizo mengine. Ulikuwa mlio mdogo tu, na baada ya mwaka mmoja mkewe hakuuhitaji hata huo, kwani alikuwa ameshaijua injini kwa sikio. Wino aliendelea kuugonga kwa sababu mazoea yana taabu.

Sharti lilikuwa moja. Siku ya tatu ya mafunzo, mkewe alitia gia ya pili kisha akaushikilia mkono wa gia, hautoki wala haurudi. "Mimi si mashine," alisema. "Sema asante."

"Asante."

"Haya."

Tangu hapo ikawa kila gia na asante yake, na kila asante na "haya" yake. Kutoka nyumbani mpaka sokoni zilikuwa asante kumi na nne, kumi na sita kukiwa na foleni. Walipogombana, mkewe alitia gia ya pili, akakunja mikono na kutazama dirishani, na Wino akaendesha hivyohivyo mpaka sokoni, injini ikipiga kelele na wapita njia wakicheka. Alipotaka ya tatu ilibidi aombe radhi. Wanaume wengine walinunua maua; yeye aliomba radhi kwa sababu ya gia.

Gari jekundu lilitoka kwenye kalenda. Karatasi moja ya mwezi wa saba iliharibika mtamboni, rangi nyekundu ikachapwa pembeni kidogo ya mstari wake, na gari la kwenye picha likaonekana kama linatetemeka. Wino aliichukua nyumbani badala ya kuitupa. Mkewe akaibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. "Hili ndilo langu," alisema. "Viti viwili tu. Ndugu zako wote watatembea kwa miguu." Kila alipotoa sahani alilitazama, na Wino akaahidi kwamba kiinua mgongo kikitoka litanunuliwa. Kilitoka wiki sita baada ya mazishi.

Sasa kuna jambo ambalo Wino hakumwambia mtu. Asubuhi aliyompeleka mkewe hospitali, yeye aliendesha na mgonjwa akatia gia. Hapakuwa na njia nyingine, jirani alikuwa kazini na maumivu hayangojei teksi. Mkewe alijikunja upande, jasho likimtoka, na mkono wake wa kulia haukukosea gia hata moja. Wino, roho mkononi, hakusema asante hata mara moja. Getini mkewe aliweka gia huru, akasema, "Haya, zima," na Wino akaruka nje kutafuta machela bila kujibu. Siku ya tatu akafa. Pikapu ilibaki katika ua wa hospitali kwa kuwa hapakuwa na wa kuitia gia, na Wino akarudi nyumbani kwa miguu.

Ijumaa jioni binti yake alipiga simu kutoka mji anakofanya kazi.

"Baba, shikamoo. Umeamua?"

"Marahaba. Bado."

"Kuna nini cha kuamua? Una mkono mmoja! Chukua otomatiki. Kwanza mtu wa miaka sitini na mitatu na gari la mbio, watu utawaambia nini?"

"Nitawaambia wanipishe."

Binti alicheka, na Wino akasikia sauti za watoto nyuma yake. "Mama angesema otomatiki," alisema binti kwa upole.

Mama asingesema otomatiki. Mama alikuwa ameuchagua mkono wa gia kabla hata ya rangi. Aliugusa kwenye picha kwa kidole na kusema, tazama ulivyo mfupi, huu hautanichosha. Simu ilipokatika, nyumba ilirudia ukimya wake, na Wino akachomeka pasi.

Jumamosi saa nne alikuwa dukani na shati lisilo na doa wala mkunjo. Aliomba kulijaribu kwanza lile la gia za mkono, na muuzaji akakaa kiti cha kushoto huku ameshika faili la makaratasi. Kiti kilikuwa chini kiasi kwamba Wino aliona magoti yake yakiwa juu kama ya mtu anayefua. Akawasha. Injini ikanguruma, na moyo wake, wa miaka sitini na mitatu, ukanguruma nayo.

Akakanyaga klachi. Tok.

Akasubiri.

Hakujua kwamba anasubiri. Alikuwa anatazama mbele kama kawaida, mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto pajani. Ilipita muda wa kutosha mtu kunywa mafunda mawili ya maji. Muuzaji akavaa miwani yake.

"Baba, kuna kitu umesahau?"

Ndipo Wino akageuka, akaona faili la makaratasi. Alimweleza kwa maneno machache: mkono, mtambo, mke, klachi, na binti anayetaka otomatiki. Alieleza yote isipokuwa asante. Muuzaji aliliweka faili sakafuni. Alikuwa mtu mwema, na wema una namna yake ya kuumiza.

"Basi nitatia mimi," alisema. "Wewe piga huo ulimi wako."

Wakazunguka uwanja wa duka. Tok, ya kwanza. Tok, ya pili. Wakatoka mpaka barabara ya nyuma ya maghala, tok, ya tatu, na gari likaruka mbele kama lilivyoahidi kwenye kalenda miaka yote hiyo. Mama yule alikuwa dereva mzoefu, hakukwaruza hata kidogo. Laiti angekwaruza! Wino angeweza kujiambia kwamba kazi ile ilikuwa na mwenyewe mmoja tu duniani. Lakini kumbe kutia gia anaweza kila mtu. Jirani angeweza, binti angeweza, hata dereva wa kukodi angeweza kuketi pale kwa saa na kutia gia bila kosa. Na kila alipotia, neno lilimjia Wino mpaka kwenye meno, akalimeza, kwa sababu halikuwa la huyu.

"Inatosha, mama," alisema. Waliporudi, alizima mwenyewe. "Niandikie lile lingine."

"Otomatiki? Hujalijaribu."

"Halina la kujaribu."

Muuzaji alimtazama kidogo. "Binti yako atafurahi."

"Sikumchagulia yeye," alisema Wino. Alikuwa amechagua kiti kibaki wazi. Kati ya kuwa na mtu mwingine pale na kutokuwa na mtu kabisa, alichukua kutokuwa na mtu, akijua hiyo ni njaa ya kujitakia.

Alitoka dukani peke yake kabla ya adhuhuri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuendesha peke yake tangu mtambo ulipomvuta mkono. Mguu wa kushoto ulitafuta klachi, ukakuta zulia. Watoto waliokuwa wakivuka walipiga makofi na mwendesha baiskeli akamwinulia kidole gumba, na Wino akaona aibu kufurahiwa na watu asiowajua wakati hana wa kufurahi naye. Chini ya kilima cha kuelekea kwao, ulimi ukagonga wenyewe.

Tok. Na papo hapo gari likabadili gia.

"Asa—" alisema, akakatiza. Mimi si mashine, sema asante. Huyu ndiye mashine. Alibadili gia sawasawa, kwa wakati wake, bila kuomba neno wala kununa wala kukunja mikono. Machozi yakamlengalenga Wino, na hayakuuonea haya mchana ule mweupe. Alisimama juu ya kilima, mahali pa kukata kulia kwenda nyumbani. Nyuma yake mtu akapiga honi.

Akakata kushoto, njia ya hospitali.

Njia ile aliijua vizuri. Siku ile, waliposhuka penye reli, mkewe alitia ya tatu. "Asante," alisema Wino kwa sauti. Penye kona ya kiwanda cha magodoro alirudisha ya pili. "Asante." Gari hili lilibadili gia mara nyingi kuliko alivyobadili mkewe, na pengine si palepale, lakini Wino hakujali, ilikuwa heri zizidi kuliko zipungue. Penye duka la dawa, asante. Kwenye tuta, ambapo siku ile mgonjwa aliguna na yeye akamwambia vumilia badala ya kusema lingine, alisema asante mara mbili.

Getini mlinzi alimwonyesha mahali pa kuegesha, karibu na pale pikapu ilipolala majuma matatu. Wino alisimama, akausukuma mkono wa gia kwa kiganja chake cha vidole vitatu mpaka mwisho.

"Asante," alisema mara ya mwisho, akiwa amekigeukia kiti cha kushoto, na akasubiri "haya" yake.

Mlinzi alikuja akainama dirishani kuuliza kama kuna mgonjwa wa kushushwa.

"Hakuna," alisema Wino, akazima.