Sikio la Kulthumu Lilipozibwa

Kila alasiri, akishamaliza kupaa samaki, Kulthumu aliketi barazani, akafuta usaha uliotoka katika sikio la kulia, kisha akalaza kichwa pajani mwa mamake. Mama huyo, Bimkubwa, aliinama akalisemesha lile sikio.

"Badi, mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama," Badi alijibu kutoka ndani. "Baridi tu. Wale watu wameshatoka nyumbani kwetu?"

"Bado, mwanangu. Hapana mchu aliyetoka," mama alisema kwa lahaja ya kwao.

Badi alizama mwaka wa tisini na moja, walipofukuzwa Kismayo kwa bunduki, nyumba yao ikatwaliwa, na mashua yao ikajaa maji njiani kwenda Mombasa. Kulthumu alikuwa mchanga, amefungwa mgongoni mwa mamake. Maji yalimwingia sikioni, na tangu hapo halikukauka. Waliporudi kutoka Mombasa wakakaa kisiwani Chula, kusini mwa Kismayo, kiwambo cha sikio kikatoboka, kakake akaanza kusikika. Majirani walizoea. Walichokilalamikia ni harufu.

Mwaka huu Kulthumu alishikwa na kizunguzungu akaangukia jiko. Wakavuka hadi Kismayo, kwa daktari wa masikio aliyekuja kwa muda, jina lake Hasina. Alichungulia kwa taa, akasikiliza kidogo.

"Usaha unakula mfupa," alisema. "Ukifika kwenye ubongo utamuua. Nitasafisha, nitachukua utando wa msuli hapa juu ya sikio, nizibe tundu."

"Na huyu kijana aliyemo?" Bimkubwa aliuliza.

"Tundu ni hilo hilo moja, mama."

Adhuhuri ilipoadhiniwa, Bimkubwa alimlaza Kulthumu pajani. Kisha akainama.

"Badi, nduguyo mgonjwa. Itabidi wakufungie."

"Haya, mama. Lakini wale watu wakitoka mtaniambia?"

Bimkubwa alitia kidole gumba kwenye karatasi ya ridhaa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Pamba ilipotolewa, sikio lilikuwa kavu, na Kulthumu alisikia kwa upande wa kulia jenereta ya jirani ikinguruma. Mamake akaweka mdomo pale pale.

"Badi?"

Hakikutoka kitu.

"Yumo, mama," Kulthumu alisema. "Namsikia mimi peke yangu. Anauliza lile lile."

"Mjibu."

"Nimemjibu. Hasikii. Anadhani tumemwacha."

Kabla ya kurudi kisiwani, Bimkubwa alitaka wapite nyumbani kwao, mle walimofukuzwa. Mlango wa nakshi ulikuwa ule ule, umepakwa rangi ya kijani. Alitoka mwanamume mpole, aliyezaliwa humo baada ya wao kufukuzwa, akawauliza kwa Kisomali wanamtafuta nani.

"Hatumtafuti mtu," Bimkubwa alimjibu kwa Kisomali. "Tumeona kiu."

Akawatolea maji ya kisima alichokichimba marehemu mumewe Bimkubwa. Ndani ya kichwa cha Kulthumu, Badi alikuwa akipiga kelele, akiuliza kama wale watu wametoka. Bimkubwa alikunywa, akampa bintiye naye akanywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akashukuru.