Gari Lililogonga Bila Dereva

Mrisho alikisikia kile kishindo akiwa na glasi ya juisi ya miwa mkononi, wala hakushtuka. Kariakoo vishindo havina idadi. Ukishtukia kila kimoja utakufa siku si zako. Akamaliza juisi yake, akafuta mdomo, akarudi taratibu kwenye uwanja wa kuegesha magari. Huko akakuta watu wamejaa, na katikati yao mlango wa nyuma wa gari yake, Toyota IST, umebonyea ndani, gari nyingine, RAV4 nyeupe, imeuegemea kwa bampa. Ndani ya ile RAV4 hamna mtu.

"Mungu wangu! Dereva yuko wapi?"

Watu wakatazamana. Dereva hakuwepo.

Sasa niseme mapema, ile IST haikuwa yake bado. Ilikuwa ya mkataba. Bi Zulekha wa Upanga alimpa aiendeshe teksi miaka miwili, ampelekee fedha yake kila wiki, kisha iwe yake. Zilibaki wiki kumi na moja tu. Lakini mle kwenye karatasi Bi Zulekha aliandika kwa mkono wake kwamba ajali ikitokea kwa uzembe wa Mrisho, mkataba umekufa. Kosa likiwa la mwingine, sawa, bima ya huyo mwingine italipa na maisha yataendelea. Kwa hiyo siku ile Mrisho alikuwa anatafuta mkosaji. Yeyote yule, mradi si yeye.

Wa kwanza Mrisho kumvaa alikuwa mwenye RAV4, Theopista, mama wa Kichaga anayeuza sweta za shule kwa jumla mtaa wa pili. Alikuja mbio, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Mama, umenigonga!"

"Nimekugongaje? Mimi niko dukani tangu saa mbili asubuhi!"

"Gari yako hii hapa!"

"Gari yangu nimeiacha nyutro, handibreki chini, kama tunavyoacha wote humu. Au wewe mgeni?"

Hapo mama alisema kweli. Uwanja wenyewe kiduchu, magari yamebanana, kwa hiyo ukimzibia mwenzako unaacha gari nyutro ili anayetaka kupita alisukume pembeni. Haruna, mlinzi wa pale, huweka jiwe chini ya tairi kwa sababu ardhi ina mteremko kidogo. Watu wanasukumiana magari hivyo kutwa nzima, na nani anakumbuka kila gari alilolisukuma?

"Haruna yuko wapi?" Mrisho alifoka.

Haruna ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka swala ya Ijumaa, kanzu imenyooka. Mrisho naye alitakiwa awe huko huko, ila aliahidiwa abiria mwenye marobota ya vitenge, na abiria mwenyewe hakutokea. Tuyaache hayo.

Afande wa trafiki akafika, binti mpole asiyetaka longolongo. Akalizunguka gari, akapiga picha, akatoa fomu.

"Bima ya huyu mama inaweza kukulipa," alimwambia Mrisho. "Ila hapa wanataka jina la aliyekuwa na gari mara ya mwisho. Nani?"

Kichwa kikamzunguka Mrisho. Mama yuko dukani, Haruna yuko msikitini, kwenye usukani hakuna mtu. Ina maana gari limejiendea lenyewe?

"Andika shetani, afande!" mtu mmoja alipayuka. Watu wakacheka. Mrisho hakuona cha kuchekesha.

Haruna akaanza kujikuna shingo. "Afande, mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi swala. Labda... labda jiwe sikuliweka."

"Labda, au hukuliweka?"

"Sikumbuki. Basi, sikuliweka."

"Haruna!" Theopista alishika kiuno. "Miaka sita nakuamini!"

Afande akainamia fomu, akaandika jina la Haruna. Mwenye uwanja akiipata karatasi ile, Haruna hana kazi, kila mtu alilijua hilo. Mrisho akashusha pumzi. Alhamdulillahi, mkosaji kapatikana! Akalitazama lile tairi, akatazama pembeni, na hapo akaliona jiwe limelala hatua mbili kutoka kwenye gari. Jiwe lilikuwepo. Alilitoa yeye mwenyewe. Alipofika alikuta RAV4 imemzibia, akalisogeza jiwe kwa mguu, akasukuma pamoja na wabeba mizigo wawili, akaingiza gari lake, akaenda zake kunywa juisi. Alidhani wale wawili watalirudisha. Wao bila shaka walidhani atalirudisha yeye.

Nyamaza, alijiambia. Nyamaza tu, Mrisho, kwani nani kakuona? Lakini Haruna alikuwa ameinamisha kichwa, anamwomba Theopista radhi kwa kosa ambalo hata halijui, na Mrisho akamsogelea afande.

"Afande, futa jina hilo. Jiwe nililitoa mimi. Nilisukuma, sikulirudisha."

Afande akainua kichwa. "Si wewe uliyegongwa?"

"Ndiyo mimi."

"Na aliyegonga ni wewe?"

"Inaonekana hivyo."

"Yaani umesimama hapo unaniangalia najimaliza!" Haruna alimfokea.

"Na bampa yangu nani ananitengenezea?" Theopista aliuliza. Hakuna aliyemjali.

Simu ikaita. Bi Zulekha. Habari Dar zina mbio jamani!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia umegongwa. Nani kakugonga?"

"Mimi, mama."

"Wewe umemgonga nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulikuwa unaendesha?"

"Hapana, gari yangu ilikuwa imesimama. Nimeigonga kwa gari ya mtu mwingine."

"Hiyo ya mtu mwingine ulikuwa unaiendesha wewe?"

"Hapana. Nilikuwa nakunywa juisi."

"Mrisho, mimi mtu mzima. Hayo unayosema, wewe mwenyewe unayaelewa?"

"Hata mimi siyaelewi, mama. Ila kosa ni langu."

Bi Zulekha akaguna kwenye simu.

"Haya," alisema. "Lete gari Upanga. Na vitu vyako vilivyomo garini uanze kuvitoa huko huko."