Jiko Lenye Helmeti

Ngo! Ngo! Ngo! Kabla pikipiki haijatokeza kwenye kona ya misonobari, Arvi alikwisha kujua mambo mawili: kwamba anayekuja ni kaka yake Taisto, na kwamba boliti inayoshika kigari cha pembeni imelegea. Arvi ni fundi wa kuchomea vyuma. Boliti iliyolegea humuuma kama jino bovu. Mfukoni alikuwa na spana. Akaiacha humo humo.

Maana Arvi na Taisto walikuwa hawasemezani.

Walikuwa wamenuniana tangu sikukuu ya Juhani ya mwaka jana, ile ya katikati ya kiangazi, walipoketi uchi ndani ya sauna ya mama yao, chumba cha kuogea mvuke kando ya ziwa, kama walivyoketi watu wote wa Kainuu, kule Ufini, siku hiyo. Arvi alisema, "Ngoja nitoke." Taisto hakungoja. Alirusha kata ya maji juu ya mawe ya moto, mvuke ukamdaka Arvi mgongoni akiwa mlangoni. Kisha Taisto akacheka. Arvi akaipita suruali yake pale msumarini bila kuigusa, akatembea mpaka kwake, kijiji baada ya kijiji, amejifunga taulo. Kurudi kuichukua kungekuwa kushindwa, na Arvi hashindwi.

Mwaka huu jiko la sauna ya mama lilipasuka. Mama Hilma akapiga simu. Kwa Arvi: "Nichomee jiko jipya." Kwa Taisto: "Toa pikipiki, ukalibebe jiko jipya kwa nduguyo, na yeye uje naye." Na kwa kila mmoja akaongeza: "Sauna isipowaka siku ya Juhani nauza nyumba, nahamia makao ya wazee mjini. Kule sauna ni ya umeme. Umesikia? Ya umeme!" Akakata simu.

Siku ya Juhani ndiyo hii. Taisto alizima injini, akalitazama jiko jipya uani. Arvi, aliyesimama kando ya jiko, alijifanya hamwoni.

"Hujambo, jiko," alisema. "Mwambie huyo aliyekuunda kwamba kwenye pikipiki yangu kila abiria anavaa helmeti."

"Jiko," Arvi akajibu akilikazia macho bomba la moshi, "mwambie mwenye pikipiki kwamba wewe huna kichwa."

"Mwambie hata yeye hana, na yake ataivaa."

Jiko likapakiwa kigarini, likavishwa helmeti juu ya bomba, likafungwa kamba chini ya kidevu ambacho halikuwa nacho, wakaondoka.

Ziwa, msitu, ziwa, msitu, na katikati njia ya changarawe isiyopita mtu. Arvi alishika kiti kwa nguvu zote, kwa kuwa kumshika kaka yake kiunoni kungekuwa kama kumwamkia. Kila walipogonga jiwe, ngo! Mara kadhaa alifumbua mdomo aseme juu ya ile boliti. Lakini kusema ni kusaidia, na kusaidia ni kusamehe. Akaufumba, akameza mbu.

Wakafika njia panda, mbele yao ziwa jingine.

"Jiko!" Taisto alipaza sauti. "Muulize huyo wa nyuma, kushoto au kulia?"

"Jiko! Mwambie hata ng'ombe wa mama anajua ni kushoto!"

"Basi mwambie tunakwenda kulia!"

Taisto akakata kulia. Boliti ikachomoka. Pikipiki ikaenda kulia na ndugu wawili juu yake, na kigari kikanyoosha mbele pasipokuwa na njia, kikashuka mteremko, jiko limekaa wima kama waziri anayekwenda kuzindua daraja, kikazama ndani ya matete. Juu ya maji ikabaki helmeti tu.

Mzee mmoja alikuwa akipita na mtumbwi. "Maji yanasemaje, jirani?" aliiuliza helmeti. Helmeti ikanyamaza. Mzee akangoja kwa adabu, akaridhika. "Mtu mtulivu," alisema, akapiga kasia akaenda zake.

Ndugu wakasimama ukingoni. Kulivuta jiko ni kazi ya watu wawili, na watu wawili lazima wapatane, na aliyekuwa akiwapatanisha yuko majini. Taisto akakohoa. Akaugeukia msonobari. "Mti," alianza, kisha akaona haya.

Helmeti ikainama kidogo. Arvi akamwona akilini mama yake mjini, amejifunga taulo, anabonyeza kitufe ili apate joto. 

"Kaka," alisema. "Boliti ilikuwa imelegea."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Niliisikia hujafika hata kwenye kona."

"Na spana huna?"

"Ninayo mfukoni."

"Mjinga wewe! Si ungesema!"

"Ningemwambia nani?"

Taisto alitafuta jibu, akapata mbu, akatema. Akavua buti. "Njoo," alisema. "Shika huku."

Waliliburuta jiko na kigari chake wakitukanana hadi nchi kavu, matusi yote waliyokuwa wamewekeana. Boliti haikuonekana. Arvi akafunga kigari kwa mkanda wake, Taisto akaongeza kanda za mabegani zilizoshika suruali yake, wakaenda mwendo wa konokono, upande wa kushoto.

Mama Hilma alikuwa kizingitini. Aliwatazama wanawe wanavyochuruzika maji, kila mmoja ameshikilia suruali yake kwa mkono. Akalitazama jiko.

"Kahawa imepoa," alisema. Kisha akamgeukia Arvi. "Suruali yako iko pale pale msumarini. Sikuigusa. Nilijua utakuja kuihitaji."

Sauna ikawaka. Jiko lilinuka matete kidogo, likanguruma vizuri. Mama aliingia wa kwanza, peke yake, akatoka mwekundu kama beri, akakaa nje ukutani. Ndugu wakafuata. Taisto akapanda benchi la juu, kata mkononi. Joto likamzidi Arvi.

"Ngoja nitoke," alisema.

Taisto alikuwa amekwisha kuchota maji kwa kata.  Nje ya ukuta mama akakohoa.

"Jiko," Taisto alianza, "mwambie..." Akaacha. Akairudisha kata ndooni, akamtazama nduguye usoni.

"Arvi. Toka polepole, mdogo wangu. Kuanzia leo sirushi hata tone mpaka nisikie mlango umefungwa nyuma yako. Nakuahidi."