Mkeka wa Tina

Jua la Kalemie hutoka majini. Halina haraka. Kwanza linachungulia, kisha linaumwaga mwanga wake juu ya Tanganyika, polepole, polepole, mpaka ziwa lote linajaa weupe kama ungo uliojaa unga. Jumamosi ile mwanga ulimkuta Tina yuko njiani tayari, mkeka kwapani, mfuko begani, anatembea mbio kama aliyechelewa arusi ya kwao.

Tina ndivyo alivyo: akipenda kitu, lazima ampe mtu. Akipenda mboga, jirani ataila. Akipenda wimbo, mtaa mzima utausikia. Watu husema kizuri chajiuza; yeye hana subira hiyo, atakibeba, atakitembeza, atakisifu mpaka mwenye masikio aombe huruma. Na leo alibeba vitatu anavyovipenda kuliko vyote, na vyote vitatu vilikuwa vya kumpa mtu mmoja.

Vilikuwa vya Yaya Gode. Godelieve, jirani yake wa miaka mingi, dada mkubwa asiyezaliwa naye, ndiyo sababu akamwita Yaya, aliyefiwa na mumewe, Papa Hippolyte wa reli. Matanga yalikwisha wiki iliyopita. Mikeka ya kilio iliinuliwa, mawifi wakamshika mjane mikono, wakamsimamisha kama desturi inavyotaka. Mwili ulisimama, moyo ulibaki pale chini. Tangu hapo hapiki, hacheki, hajibu. Na wifi yake Elisabeth amekwisha kusema: ikifika kesho hajawasha moto wa jiko lake, atampeleka Kirungu, huko mlimani, kwa ndugu wa marehemu, akatunzwe kama mgonjwa.

Kirungu! Kirungu ni kuzuri, hewa ya baridi, maharage hayana mfano. Lakini Kalemie bila Gode ni nini? Nani atamwambia Tina ukweli? Nani atamcheka usoni? Basi aliingia nyumbani kwa Gode kwa shangwe, na ndani ya shangwe mlikuwa na hofu.

Kwanza, sabuni. Sabuni ya mawese, nyekundunyekundu, inayopikwa na mama mmoja wa sokoni na kutiwa mchaichai. Sabuni gani hii! Inatoa povu, inang'arisha sufuria, inalainisha kitenge, na harufu yake inakaa mkononi mpaka jua la utosi. Tina alileta beseni, akamsugua Gode viganja huku akiisifu. Gode alinusa. Alinusa tena, na Tina akaona.

Pili, muziki. Akatoa spika yake ndogo, akaweka rumba, ya zile zinazoanza taratibu, sauti zinabembelezana, gitaa linanong'ona. Unangoja, unangoja, halafu sebene inafunguka na magitaa yanakimbizana, na nani atakaa? Tina alieleza kwamba wakati wa kubembelezana yeye hupangusa vumbi, na wakati wa sebene husugua sakafu, na sakafu haijapata kung'aa vile. Elisabeth, aliyeketi mlangoni na uso wa mtu wa forodha, alikunja midomo, lakini mguu wake ulimsaliti, ukawa unapigapiga chini. Gode aligeuza sikio kidogo.

Akipenda kitu, lazima ampe mtu. Na akishapata nafasi, Tina hajui kusimama.

Tatu, yoga. Alijifunza kwa simu, na siku hizi kila alfajiri hutandika mkeka nyuma ya nyumba, hunyoosha mgongo uliochoshwa na kiti cha ofisini, huvuta pumzi, huitoa. Alisema imempa mwili mpya. Alisema hii ndiyo aliyomwekea Yaya mwisho, kwa kuwa ndiyo anayoipenda kuliko zote. Na kwa furaha, bila kufikiri, akaukunjua mkeka katikati ya sebule.

Gode aliutazama. Akashuka kitini, akaketi juu yake, miguu mbele, kitambaa kimevutwa usoni, mahali palepale, vilevile kama siku za kilio. Mwili wake uliijua njia.

Elisabeth hakupandisha sauti. "Tina, mikeka tuliinua juzi tu. Weye njo unarudisha kilio humu ndani?"

Furaha ilikuwa imemponza. Katika nyumba iliyotoka matanga, mkeka sebuleni una maana moja tu, hata mtoto anaijua, na Tina aliisahau. Aibu ilimchoma. Alitaka kukimbia, badala yake akapiga magoti, akashika mkono wa rafiki yake.

"Yaya, nisamehe. Mukeka huu ni wa inje. Twende inje."

Gode hakusogea. Tina akamtazama Elisabeth, na baada ya kitambo Elisabeth akaja akashika mkono wa pili. Wakamwinua pamoja, wakatoka naye mbele ya nyumba, na mchanga wa ziwa ukaupokea mkeka.

Na pale nje, jamani, mkeka ukawa mkeka tu. Inua mikono, Tina alisema, na mikono ya Gode ikainuka, kidogo, kisha zaidi. Vuta pumzi. Toa. Inama. Sasa simama kwa mguu mmoja, kama korongo! Tina akasimama, akajivuna, akayumba, akaanguka mchangani, makalio kwanza. Kicheko kikatoka. Kidogo, chenye kutu, lakini cha Gode! Elisabeth alijificha nyuma ya kitenge chake ili naye acheke.

Likabaki lile zoezi la mwisho. Kwenye video wanaliita la maiti: mtu hulala chali, hatikisiki. Tina alilimeza neno hilo, akaanza kukunja mkeka.

"Bado," alisema Gode, sauti chini. "Mwisho wanafanyaka nini?"

Tina hakujua kumdanganya. Akamwambia wanalala, wanatulia, halafu wanaamka.

Gode akalala. Chali, mikono wazi, macho yamefumbwa. Tina aliogopa, aliogopa kweli, kwamba amekiua kile kilichokuwa kinaanza kuishi. Mawimbi yakaja, yakarudi. Yakaja, yakarudi. Wale wawili wakainama, wakanyoosha mikono wamwinue.

Gode akafungua macho, akaisukuma mikono yao. Akageukia ubavu, akatia kiganja mchangani, akapiga goti, akasimama mwenyewe.

Alikung'uta kitenge. "Tina, vitu unapenda nimeviona. Mie, kitu ninapenda ni ndakala mbichi, dagaa ya ziwa hii, na pilipili mingi. Elisabeth, leta mukaa. Leo mutakula kwangu."

Mbabula, jiko lake la makaa, ikawashwa palepale mlangoni. Moshi ukapanda, ukapita juu ya maji, ukatia kijivu katika weupe ule wote wa asubuhi, na ziwa likawa ziwa la mbele ya nyumba ya mtu anayepika. Elisabeth alikohoa, hakulalamika. Tina akaomba vitunguu avikate yeye, ili asiulizwe kwa nini analia.