Siku Baraka Ilipohamia Wimbi Jipya

Katika vita vya pili vya Kongo, barabara ya Misisi ilipokuwa ikifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha shule, watu wa Fizi walipelekeana habari kwa foni: redio ya kuzungumzia, iliyokula betri ya gari na kunyoosha waya wake hadi kilele cha mchikichi. Mwenye foni ya mji wa Baraka alikuwa Bwana Anatole, mtu aliyekunja hata matambara ya kufutia vumbi, pembe juu ya pembe, na ambaye hakuzungumza kamwe kabla ya kupangusa kipaza sauti chake.

Baraka, Lweba, Kilembwe na Misisi zilitumia wimbi moja, na wimbi hilo lilikuwa soko. Rambirambi ziligongana na bei ya mawese. Askari wasiojulikana walikatiza salamu ili kuomba sigara. Mbele ya chumba cha foni palikuwa na benchi la wasikilizaji, ambao walitoa maoni bila kuulizwa.

Basi likaja agizo kutoka Uvira, kwa boti: kuna wimbi jipya. Humo kila kituo kitakuwa na namba, na kila mtu atangoja zamu yake. Kila kituo kichague chenyewe siku ya kuhama, ilimradi wote wawe wamehama kabla ya kiangazi. Pamoja na agizo hilo vililetwa vidude vya chuma visivyozidi ukucha, ambavyo mafundi waliviita kwazi. Bila kwazi mpya, foni za zamani hazikuweza kushika wimbi jipya. Kwazi ya Misisi ilibaki Baraka, katika mtoto wa meza wa Bwana Anatole, kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa tena.

Misisi ilipewa namba nne; kituo namba moja kilikuwa Baraka. Bwana Anatole alilisoma jambo hilo mara mbili, akatangaza kwamba angehama Jumatatu.

“Papa, ngoya kwanza,” alisema binti yake, Félicité. “Kwazi ya ba Misisi iko hapa mu meza yako. Batahama namna gani?”

“Mutoto yangu, mutu akingojea bantu bote, hatahama hata siku moja. Baraka ikitangulia, bengine batafuata.”

“Na Papa Bonaventure akiita?”

Hapo ndipo penye uchungu. Félicité alipendana na Wilfried, mchuuzi wa sabuni huko Misisi, na mjomba wa kijana huyo, Bonaventure, ndiye aliyekuwa mwenye foni ya Misisi na ndiye angekuja kuposa. Zamani mposaji alibisha mlangoni mara tatu. Asipojibiwa, alijua amekataliwa, akaenda kwingine bila kinyongo. Vita vilipofunga njia, mlango ukawa foni.

“Akisikia kimya,” alisema Bwana Anatole, “atajua tulihama.”

“Akisikia kimya atajua tulimukatala!”

“Njo vile!” benchi likaitikia.

Jumatatu Bwana Anatole alivaa koti, akapangusa kipaza sauti, akazungusha kitufe.

“Moja inaita. Moja inaita vituo vyote. Kwako.”

Akangoja. Akaita tena, akangoja tena. Utaratibu ulikuwa kamili: hakuna aliyemkatiza mwenzake.

“Munasikia?” aliwauliza wa benchini. “Hakuna fujo.”

“Hata ku makaburi hakuna fujo, Papa Anatole,” akajibu mzee mmoja.

Siku ya pili, wakati wa chai, spika ikakohoa.

“Moja? Moja, uko?”

Bwana Anatole nusura aangushe kiti. “Moja iko! Jitambulishe kwa namba!”

“Namba niliisha sahau. Mi ni Roger wa Kilembwe. Nilikuja tu kuchungulia kama kuko bantu.”

“Kuko mimi!”

“We peke yako? Basi, narudia kule. Mi nitahama siku Lweba itahama.”

“Na Lweba itahama lini?”

“Mama Marthe anasema atahama siku Kilembwe itahama.” Roger akakohoa tena. “Alafu, Papa, Bonaventure anakuita ku wimbi ya zamani. Aliita jana, ameita leo asubuyi. Nilimuambia ulihama, anasema mutu mwenye anataka bakwe hahami. Sasa iko anakunywa chai. Akimaliza, anaita ya mwisho.”

Félicité alisimama. Hakugusa kitufe, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna aliyegusa foni kabla ya baba yake, lakini alimtazama. Bwana Anatole alilitazama benchi, na benchi lilimtazama yeye. Kurudi ilikuwa kukiri mbele ya watu wote wale kwamba alikosea siku. Akamtazama tena binti yake, akazungusha kitufe kinyumenyume.

“Baraka, Baraka, Misisi inaita,” ilisikika sauti ya Bonaventure. “Hii njo ya tatu. Tunaomba binti yenu. Kwako.”

Bwana Anatole akachukua kitambaa, akaanza kupangusa kipaza sauti.

“Papa!” alilia Félicité.

“Misisi, ni Lweba hapa!” Huyo alikuwa Mama Marthe, mwuza samaki na mwenye foni ya Lweba. “Baraka iko inasikia, ila iko mu kazi! Ongea na mimi, mi ni shangazi ya mutoto!”

Undugu wao ulikuwa wa ndakala tu, wale dagaa aliowauzia kila wiki.

“Sawa, shangazi. Munaomba nini?”

“Mbuzi ine, godoro ya muzuri, na kitenge ya shangazi!”

“Godoro!” benchi likashangilia.

“Tumekubali,” alisema Bonaventure.

“Moja hapa!” alipaaza sauti Bwana Anatole. “Moja inarekebisha! Mi njo baba!”

“Moja gani? Sisi tunaomba binti ya mutu, hatuombi binti ya namba. Papa Anatole alihama. Ni nani huyu anaingia mu mambo ya bakwe?”

Benchi liliangua kicheko, na Félicité naye akacheka. Mwanamwali hapaswi kusikika siku ya posa, kwa hiyo alijiziba mdomo kwa kitenge, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi. Mara ikasikika sauti nyingine kutoka Misisi, ya kijana.

“Mujomba! Ile kicheko njo yake! Basi huyu njo baba, kweli!”

“Papa Anatole,” alisema Bonaventure polepole, “unatukubali ao unatukatala? Na usihame mbele ya kujibu.”

“Nakubali,” alijibu Bwana Anatole. “Na mbuzi, na godoro.” Akapangusa kipaza sauti. “Na shangazi.”

Barabara ilipofunguka, Wilfried alikuja kwa pikipiki, godoro likiwa limefungwa nyuma kama mzazi mgonjwa. Mbuzi walifuata kwa miguu. Siku ya kuondoka, Bwana Anatole alitoa kwazi katika mtoto wa meza, akaipangusa, akaifunga kwenye pembe ya kitenge cha binti yake.

“Siku hii kwazi itaingia mu foni ya Misisi,” alisema, “njo siku nitafunga wimbi ya zamani. Haiko mbele ya ile siku.”

Tangu hapo alisikiliza wimbi la zamani asubuhi, na jipya alasiri. Habari za barabara hazikuwa nzuri. Kila alasiri benchi lilijaa, na hakuna aliyefanya mzaha juu ya makaburi.

Ndipo spika ikakwaruza.

“Moja? Ni Ine inaita. Papa, uko?”

Bwana Anatole alinyakua kipaza sauti bila kukipangusa.

“Hapa hakuna Papa,” alisema. “Hapa ni Moja.” Akasogeza sikio kwenye spika. “Ulifika, mutoto yangu? Kwako.”

Kabla Félicité hajapata zamu yake, sauti ya tatu ikaingia kwa kishindo.

“Alifika! Nami nimehama! Na kitenge yangu iko wapi?”