Taulo la Kipa

Mkono wa kulia wa Oluoch haunyooki. Ulivunjikia Sondu, enzi zake za ukipa, mashabiki walipovamia goli kung'oa taulo aliloning'iniza wavuni. Walidai lina dawa ya uchawi. Lilikuwa la kufutia jasho tu, lakini walimkanyaga kiwiko mpaka kikalia, na glavu hakuvaa tena. Akageuka kocha, tena kocha mkali, na kwa miaka kumi na mmoja aliwaapia wachezaji wake jambo moja: atakayemgusa kipa, wetu au wao, hatachezea timu hii tena.

Jumamosi hiyo walikuwa Kombewa, mechi ya kupanda daraja. Wakhisi, kipa wa wenyeji, alikuwa ameshapangua mashuti tisa, na wavuni mwake mlifungwa taulo jekundu. Dakika ya themanini, timu ya Oluoch ikiwa nyuma bao moja, mshambuliaji wake Griffins alimjia akihema kwa hasira.

"Coach, huyo jamaa ako na juju. Tuitoe hiyo taulo ama?"

Jibu Oluoch alilijua. Lakini miaka yote hiyo hajapanda daraja hata mara moja, na nyuma yake mashabiki wake waliotoka Kisumu walikuwa wakimtukania mama.

"Toeni," akasema.

Wakaenda wanne, mbio. Wakhisi, maskini wa watu, badala ya kuliachia taulo akalikumbatia. Griffins alimpiga kichwa cha pua, damu ikarukia mlingoti. Wakamwangusha, wakamkanyaga kwa njumu: mgongo, mbavu, mkono. Mwamuzi alipuliza kipenga hadi akachoka. Mashabiki wa Kombewa wakaanza kuokota mawe.

Ndipo Oluoch aliposikia kiwiko cha Wakhisi kikilia. Sauti ile hakuhitaji kuelezwa na mtu.

Alikimbia, akamkaba Griffins koo, akambwaga kando, kisha akajilaza juu ya kipa. Mawe yakamshukia yeye, mgongoni na kisogoni. Chini yake Wakhisi alilia kwa sauti, taulo bado kifuani. Oluoch akalikunjua. Halikuwa na kitu ila jasho na damu.

"Asante, Mzee," Wakhisi akasema. "Hawa watu wangeniua. Mungu akubariki."

Oluoch aliona haya iliyomchoma kuliko mawe. Angeweza kunyamaza.

"Ni mimi niliwatuma," akamwambia.

Wakhisi akamtazama. Kisha akaanza kujikokota kutoka chini yake, kwa mkono ule ule uliovunjika, kuelekea kule mawe yalikokuwa yakianguka.